Kiyoyozi cha Bi Desanka Mbele ya Kamati ya Hewa ya Ndani

Ninayo furaha, na kwa mamlaka niliyopewa ninao pia wajibu, kuwatangazia wananchi wote wa Manispaa ya Vrelograd kwamba tangu kiangazi hiki hewa iliyomo ndani ya nyumba zenu iko chini ya uangalizi. Hewa ya nje tumeiacha kama ilivyo, kwa kuwa haina mwenyewe wala anwani. Ya ndani ina anwani, ina mlango wa kugonga, na nyuma ya mlango kuna mtu wa kutozwa faini. Ndiyo maana ikaundwa Kamati ya Hewa ya Ndani na Udhibiti wa Promaja, na mimi, Tihomir Pantelić, ndiye katibu wake.

Promaja ni ule upepo unaoingia kwa dirisha hili na kutokea kwa mlango ule, na katikati umekaa wewe na shingo yako. Kila mtu aliyelelewa vizuri hapa kwetu anajua kwamba promaja huleta maumivu ya mgongo, ya masikio, ya meno, na mara nyingine talaka. Mama zetu walitufundisha kufunga mlango kabla ya kutufundisha kusali. Wapo vijana waliosoma ng'ambo wanaodai kwamba huko watu hufungua madirisha mawili kwa mpigo na wakaendelea kuishi. Tumewasikia. Ushahidi hatujauona.

Chimbuko la Kamati ni shingo ya Mheshimiwa Gvozden Rabrenović, meya wetu. Mwezi wa sita, joto lilipopamba moto, Mheshimiwa alilala chini ya kiyoyozi chake akaamka shingo imegeukia kushoto na imegoma kurudi. Alikwenda hivyo hivyo kufungua soko jipya, akawapungia mkono wananchi wa upande wa kushoto tu. Wa upande wa kulia walilalamika kwamba wametengwa, na wapinzani wakaifanya hoja. Ikabidi manispaa ifikirie kwa kina.

Uchunguzi ukagundua jambo zito. Siku iliyotangulia, mke wa Mheshimiwa alikuwa amekisafisha kile kiyoyozi. Mwenyewe. Kwa sabuni ya vyombo. Hapo nadharia ikajileta: vumbi lililojaa kwenye chujio ndilo lililokuwa likiizuia promaja, na vumbi lilipotoka, promaja ikapita nzima nzima mpaka shingoni. Kwa lugha nyepesi, chujio chafu ni ngao ya mwananchi. Nadharia hii aliigundua Mheshimiwa mwenyewe huku akitazama kushoto, na sisi wajumbe tuliipitisha papo hapo, kwani sote ni waajiriwa wake na tunaifahamu sayansi tunapoisikia.

Basi ikatoka Amri. Ni marufuku kwa mwananchi yeyote kufungua kifuniko cha kiyoyozi cha nyumbani kwake, kuchomoa chujio, kulifyonza vumbi, kulilowesha au kulianika. Kazi hiyo itafanywa na fundi aliyethibitishwa na Kamati. Atakayekaidi, kiyoyozi chake kitabandikwa lakiri nyekundu, na lakiri haitoki mpaka kiyoyozi kisafishwe kihalali.

Mkaidi wa kwanza alikuwa jirani yangu wa jengo la mbele, Bi Desanka, mshonaji wa mapazia. Nilimwona kwa darubini, nikiwa dirishani kwangu katika shughuli rasmi ya kuangalia hali ya hewa.

Mwanamke yule alifanya uhalifu wake kwa utaratibu wa kutisha. Kwanza alizima swichi kuu ukutani, akajaribu rimoti kuhakikisha mashine imekufa kweli. Akafungua kifuniko, akachomoa machujio mawili, akayapitishia mashine ya kufyonza vumbi, halafu akayaosha bafuni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Hakuyaanika juani, eti yatajikunja; aliyaegemeza kivulini kwenye veranda yake ya ghorofani. Yakiwa yanakauka, alipanda ngazi akapiga dawa ya povu kwenye yale mabati membamba ya ndani, akayasugua kwa mswaki laini kuelekea chini, akapuliza kamrija ka kutolea maji mpaka uchafu mweusi ukatoka. Ngao yote ya familia ilikuwa inakwenda na maji bafuni mbele ya macho yangu.

Nilipogonga mlango nikiwa na wajumbe wenzangu, alikuwa amesharudisha machujio na kubeba ndoo na brashi kuelekea veranda, kulikokuwa na sanduku la nje la mashine. Sanduku hilo lilikuwa limezibwa na pamba ya miti ya mipopla, ile inayopeperuka mji mzima kila mwanzo wa kiangazi na kumganda kila mtu puani.

"Jirani Tihomir," alisema, "kama umekuja kuazima ngazi, subiri nimalize."

"Bi Desanka, sijaja kama jirani. Nimekuja kama chombo."

"Chombo gani?"

"Chombo cha utekelezaji."

Kutoka kwenye kiti cha mikono ndani ya chumba, sauti ikauliza, "Nani huyo? Ni yule mtoto wa Pantelić aliyekuwa akila chaki shuleni?"

Huyo alikuwa Bibi Perunika, mama mzazi wa Desanka. Bibi ana moyo uliochoka, na daktari ameagiza chumba chake kiwe cha baridi kiangazi chote, la sivyo hafiki vuli. Daktari alisema hivyo hivyo, bila kumung'unya maneno. Bibi mwenyewe anakichukia kiyoyozi kwa moyo wake wote, hukaa chini yake amevaa soksi za sufu na shali shingoni, lakini anakubali kwamba bila hicho anazimia.

Nikaeleza kosa. Nikaeleza nadharia. Nikaeleza hatari ya kuondoa vumbi.

"Kwa hiyo uchafu ni dawa," alisema Desanka.

"Ni kinga. Dawa iko chini ya idara nyingine."

"Jirani, hiki kitu kilikuwa kinanuka soksi. Kilikuwa kinamdondoshea mama maji kichwani. Sasa hakinuki, hakidondoshi. Imebaki kupiga brashi lile sanduku la nje, lipumue, na mama apate baridi. Nipe muda wa kunywa kahawa tu."

"Muda hauko kwenye Amri."

"Nyie watu!" Bibi Perunika alifoka. "Mimi promaja naijua kabla babako hajazaliwa. Promaja haitoki kwenye mashine. Promaja hutoka kwa watu wanaosimama mlangoni wakiongea na kuacha wazi, kama ninyi sasa hivi! Ingieni au tokeni!"

Tukaingia. Nikabandika lakiri moja kwenye kifuniko na nyingine kwenye swichi, nikagonga mhuri. Mhuri wetu ni mzuri sana, una tai mwenye vichwa viwili, na kila nikiugonga nasikia raha mwilini. Desanka alikuwa anamtazama mama yake, naye mama yake alikuwa tayari ameanza kujipepea kwa kitambaa cha meza.

Kesho yake akaja ofisini. Macho yalikuwa mekundu.

"Sawa," alisema. "Mmeshinda. Nileteeni huyo fundi wenu. Leo."

Hapa nililazimika kumweleza mchakato. Kwa mujibu wa kifungu cha saba, fundi huthibitishwa baada ya Kamati kumwona kwa macho yake akisafisha kiyoyozi mpaka kikatoa baridi. Kwa mujibu wa kifungu cha tatu, asiyethibitishwa haruhusiwi kusafisha.

"Kwa hiyo hakuna fundi."

"Kwa sasa nafasi iko wazi."

"Na haiwezi kujazwa."

"Haiwezi kujazwa kiholela," nilimsahihisha.

"Tihomir, mama yangu usiku hapumui. Namlaza juu ya shuka mbichi. Unanielewa mimi? Sikuulizi vifungu. Nakuuliza kama mama yangu atafika mwezi wa tisa."

Nikiri kwamba swali hilo halikuwa na sehemu yake kwenye utaratibu wetu, nikalipeleka ngazi ya juu. Mheshimiwa alilipokea kwa furaha kubwa, maana yeye pia alikuwa na tatizo lililohitaji mtu mwenye shida. Kum wake Milentije, yaani yule aliyemsimamia harusi, alikuwa amefungua kituo cha kuosha magari na wateja hawaji. Kwetu kum ni zaidi ya ndugu. Ndugu unaweza kumnyima, kum humnyimi. Kwa hiyo ilikwisha kuamuliwa zamani kwamba fundi wa viyoyozi wa manispaa nzima atakuwa Milentije.

Ili zabuni iwe ya haki tuliweka tangazo sehemu ya wazi, nyuma ya mlango wa ofisi yangu. Kisha Mheshimiwa akasimamisha kifungu cha tatu kwa siku moja: yeyote atakayesafisha kiyoyozi mbele ya Kamati siku ya uzinduzi wa huduma hiyo atakuwa fundi aliyethibitishwa. Jina la Milentije hatukulitaja, kwa sababu magazeti yangesema ni upendeleo. Tukaongeza, ili kum asije akanyang'anywa ulaji, kwamba fundi atakuwa mmoja tu, kila mwananchi atamwita yeye, naye haruhusiwi kumkataa mtu wala kutuma mwakilishi. Niliiandika sentensi hiyo mwenyewe na bado naiona nzuri.

Mahali pa uzinduzi: nyumbani kwa Bi Desanka. Televisheni ya mji ikaalikwa kurusha moja kwa moja.

Siku ilipofika, joto lilikuwa la kuyeyusha lami. Watu walijaa uani chini ya jengo. Ndani, Bibi Perunika alikuwa amepauka, amekaa kwenye kiti chake, miguu ndani ya beseni la maji, lakini alikuwa ameamuru wageni wapewe, kwa desturi yetu, kijiko cha matunda ya cheri yaliyopikwa kwa sukari na glasi ya maji, maana kufa ni kufa na aibu ni aibu.

Milentije alipanda ngazi akikokota bomba refu la mashine ya kuoshea magari. Mashine yenyewe ilibaki kwenye kigari chini uani, ikinguruma, na bomba likapita kwenye ngazi, likapita kwenye mlango wa nyumba unaoelekea ngazini, likafika sebuleni. Alisimama mbele ya kiyoyozi akakitazama juu na chini.

"Kum," alimnong'oneza Mheshimiwa, "hiki kinafunguliwa wapi?"

"Wewe osha tu, kum. Televisheni wanatazama."

"Umezima umeme?" akauliza Desanka.

"Umeme wa nini, dada? Mimi natumia maji."

"Maji hayo hayo, juu ya waya, humu ndani, juu ya kichwa cha mama yangu?"

"Magari nayo yana waya na hakuna gari lililonilalamikia."

Desanka alijiweka kati ya bomba na kiyoyozi, mikono kiunoni. "Kupita hapa unipige mimi kwanza."

Mheshimiwa aliona mambo yanachafuka, na yeye ni mtu wa kuokoa jahazi. Akaikunjulia kamera tabasamu. "Wakati wataalamu wakishauriana," alisema, "acha niwasalimie wananchi." Shingo ilikuwa imeshapona, na alitaka sana kuwapungia wa pande zote mbili. Akaushika mlango wa veranda, akaufungua kwa mbwembwe, akatoka nje. Mpiga picha alikuwa ameshashuka uani kumpata vizuri kutoka chini.

Wasomaji wenye malezi wameshaona kilichofuata. Mlango wa ngazi ulikuwa wazi kwa sababu ya bomba. Mlango wa veranda sasa ulikuwa wazi kwa sababu ya Mheshimiwa. Nyumba nzima ikawa njia.

Promaja ilipita. Mapazia yote ya Desanka yaliinuka kwa pamoja, hotuba yangu ikaruka mpaka jikoni, na mjumbe mmoja akapiga kelele "Figo zangu!" Wajumbe wakashika shingo, wakajifungia bafuni. Milentije alitupa bomba, akashika sikio, akala kona kupitia ngazi na hakuonekana tena siku ile. Mlango wa veranda ukajibamiza, paa! Mlango ule ni wa zamani, una kitasa ndani tu. Mheshimiwa alibaki upande wa pili wa kioo, mkono bado uko hewani.

Mimi nilibaki sebuleni kwa sababu ya wajibu, na kwa sababu bafuni hakukuwa na nafasi.

"Fungua!" alisema Mheshimiwa kupitia kioo.

Nilitamani kumfungulia. Mungu ni shahidi. Lakini mimi ndiye niliyekiandika kifungu cha tisa. "Mheshimiwa," nilisema kwa sauti ya heshima, "ikithibitika kwamba promaja imetokea, mlango uliojifunga hubaki umefungwa mpaka mwenyekiti wa Kamati aketi na wajumbe wake chumba kimoja na kutangaza kwamba hewa imetulia."

"Mwenyekiti ni mimi!"

"Naam. Ila hamko chumba kimoja, wewe na wajumbe."

Alinitazama. Nilifurahi kuona kwamba shingo inageuka vizuri.

"Desanka!" aliita. "Dada yangu! Fungua wewe!"

Desanka alinyoosha mkono, na Bibi Perunika akamkemea kutoka kitini. "Thubutu! Mlango wa ngazi uko wazi. Ukifungua na huo, promaja inanimaliza kabla ya joto."

"Basi naliondoa hili bomba nifunge mlango wa ngazi."

"Bomba hilo ni mali ya mzabuni," nilimkumbusha. "Haliguswi na mtu mwingine."

Nje, jua lilikuwa linapiga veranda ile uso kwa uso. Mheshimiwa alikuwa amevaa suti ya sherehe. Ndani, Bibi alikuwa ameanza kuhema kwa mdomo, na midomo yake haikuwa na rangi nzuri. Desanka alimfuta uso, akamshika mkono. Alikuwa na hofu, na hofu ile ilikuwa imekwisha kugeuka hasira. Alisogea mpaka kwenye kioo.

"Mheshimiwa, nisikilize vizuri. Mama yangu anapikika huku. Wewe unapikika huko. Hiki kiyoyozi nilishakisafisha ndani chote. Kilichobaki ni hilo sanduku hapo miguuni kwako. Pamba ya mipopla imeziba pumzi yake. Toeni lakiri, mama apoe."

"Lakiri haitoki mpaka kisafishwe kihalali! Nimetia saini mimi!"

"Leo kifungu cha tatu kimesimamishwa. Yeyote anasafisha mbele ya Kamati, na ni halali. Au si kweli, jirani?"

"Ni kweli," nilisema. Sheria haina rafiki.

"Basi ndoo ni hiyo, brashi ni hiyo, niliziacha hapo siku mliyonifungia. Safisha."

"Mimi ni meya!"

"Kwani umeya umekukata mikono?" aliuliza Bibi Perunika, kwa sauti ndogo lakini iliyosikika mpaka uani.

Huko chini watu walicheka. Mheshimiwa akatazama chini, akaiona kamera inamtazama, taa yake nyekundu inawaka. Ni hapo nilipotambua ukubwa wa kiongozi wetu. Alivua koti, akalitundika kwenye kamba ya nguo kati ya soksi za Bibi, akapiga magoti.

Mwanzoni alikuwa anapapasa tu. Desanka akamwelekeza kupitia kioo: toa kwanza pamba kwa mkono, ile kubwa kubwa. Sasa brashi, toka juu kwenda chini, usikate kwa ubavu, hivyo vibati ni laini, vikipinda hewa haipiti. Usiguse mabomba yale ya shaba, hayo ya gesi, hayo ndiyo ya fundi mwenye vifaa vyake. Sasa maji kidogo, mwaga polepole, usirushe.

Uani nako kila mtu alikuwa mtaalamu.

"Taratibu, Gvozden, si farasi huyo!"

"Pembeni hapo umeruka!"

"Nyuma yake pia, nyuma ndiko kunakoziba!"

"Mkeo alifanya haraka kuliko wewe!"

Pamba ya mipopla ikatoka mabonge kwa mabonge, kijivu na nzito, ikamganda Mheshimiwa kwenye nyusi. Jasho lilimtoka mpaka shati likageuka rangi. Lakini kadiri vibati vilivyoanza kung'aa ndivyo alivyozidi kujituma, na nadhani alishaanza kufurahia, maana alianza kumfokea mtu mmoja uani aliyesema amebakisha.

"Nimebakisha wapi? Njoo uonyeshe! Hapa mtu unaweza kujitazama uso!"

Akasimama, brashi mkononi. "Kimesafishwa!" akatangaza.

Nilibandua lakiri kwa mikono yangu. Desanka aliwasha swichi, akabonyeza rimoti. Kiyoyozi kikafikiri kidogo, kikafungua mdomo, kikaanza kupumua. Hewa ikatoka ya baridi, safi, isiyonuka kitu. Bibi Perunika alifumba macho. Tulisubiri. Kifua kikaanza kushuka na kupanda polepole, na rangi ikarudi midomoni. Desanka alikaa sakafuni palepale, kichwa magotini mwa mama yake, akalia kwa sauti bila kuona haya.

"Usinililie, nimeshalowa vya kutosha kwenye beseni," alisema Bibi. "Nipe shali. Kinanipiga shingoni."

Nje, sanduku lilikuwa limeanza kazi yake ya kawaida, ambayo ni kulitapika joto lote la chumbani kuelekea veranda. Lilimtapikia Mheshimiwa kifuani, pamoja na pamba iliyobaki.

Bibi akamwonea huruma. "Desanka, lipige teke hilo dude la maji liende zake, funga mlango wa ngazi. Haya. Hewa imetulia, nimetangaza mimi, na mwenye hoja aje hapa mbele." Wajumbe walioko bafuni hawakuwa na hoja. Mlango wa veranda ukafunguliwa.

Mheshimiwa aliingia kwa makofi. Uani walikuwa wanaliimba jina lake, na mpiga picha alikuwa amepanda ngazi mbio akimwelekezea kamera. Sifa ni kitu kitamu, na mimi ni mtu wa utaratibu. Nilikuwa na cheti mfukoni, kimegongwa mhuri tayari, kimebaki jina tu. Nikalijaza kwa mwandiko wangu bora, nikamkabidhi mbele ya taifa la Vrelograd: Gvozden Rabrenović, fundi aliyethibitishwa, wa kwanza na wa pekee. Alikipokea kwa mikono miwili, akakiinua juu, akakibusu. Nilitegemea kupandishwa cheo.

Kesho yake asubuhi simu ya manispaa ilianza kulia kabla ya kahawa. Watu wetu, ambao katika historia hawajawahi kutii amri ya manispaa hata moja, safari hii walitii wote kwa moyo mmoja. Hakuna aliyegusa kifuniko chake. Kila nyumba ilimtaka fundi aliyethibitishwa, na fundi haruhusiwi kumkataa mtu wala kutuma mwakilishi. Aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia maneno ambayo siyaandiki. Nikamshauri aifute Amri. Akasema ndiyo, leo hii. Nikamkumbusha kwamba kufuta kunahitaji kikao cha Kamati na mwenyekiti kitini, na kwamba mwenyekiti ana miadi kuanzia sasa: mtaa wa reli kwanza, kisha majengo ya kiwanda cha zamani, kisha kwa wapinzani, ambao wameomba kwa maandishi na wana viyoyozi vingi vya kushangaza.

Kwa hiyo Amri bado ina nguvu, na tuko kazini. Nasema tuko, kwa sababu nami nimehamishiwa kubeba ngazi. Niseme ukweli kwamba Mheshimiwa amekuwa hodari. Anazima swichi kwanza bila kukumbushwa, na machujio anaanika kivulini.

Jana tulikwenda kwa mzee mmoja mstaafu wa posta, ghorofa ya juu, lifti mbovu. Kwetu mgeni mkubwa akifika mlangoni huambiwa na wenye nyumba, hapana, usivue viatu, ingia hivyo hivyo, ingia tafadhali, na wanaapa kabisa. Mzee alitufungulia, akamtazama meya wa Vrelograd kuanzia ndoo mpaka kichwani.

"Umechelewa, fundi," alisema. "Vua viatu."

Mheshimiwa akavua.